Barua Niliyomwandikia Mama wa Meza za Kahawa

Ile barua niliipiga taipu mwenyewe, kwa vidole viwili, wiki yangu ya pili kazini. Ilikuwa na mistari minne, na kila mmoja nilijivunia. Ilisema kwamba mama msimamizi wa meza za kuanikia kahawa ameshindwa kuwasimamia wafanyakazi walio chini yake, na kwamba kiwanda hakitamhitaji tena msimu ukiisha. Nafasi ya tarehe niliiacha wazi. Nikaikunja, nikaitia kwenye droo, nikapiga kufuli. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, meneja mpya wa kiwanda, nina cheti cha usimamizi kutoka chuoni, na Mungu anisamehe, nilidhani dunia imekaa tu ikinisubiri nije niipange.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha ushirika, mali ya wakulima wa pande za Githongo, huko Meru. Usifikirie bomba la moshi. Kilikuwa banda la mabati, mashine ya kumenya kahawa, matangi ya saruji, na chini yake, kwenye mteremko wa kuelekea mtoni, safu za meza ndefu za waya. Mkulima alileta kahawa yake mbivu, akaichagua, ikapimwa, ikamenywa, ikalala kwenye tangi mpaka ute ukaachia, ikaoshwa. Halafu ikaletwa mezani kuanikwa, na hapo ndipo ilipopona au ilipofia. Jua kali la saa sita likiikuta bado ina maji, ganda hupasuka. Mvua ikiinyea, inachacha upya na kunuka, na jasho la mwaka mzima la watu wa kijiji kizima linakwenda na maji. Kwa hiyo kazi kubwa ya watu wa meza ilikuwa kuifunika kahawa kwa nailoni na kuifunua, na kujua ni saa ngapi ya kufanya lipi.

Mimi ni mtu wa Embu. Kwa Wameru wa Imenti hilo peke yake lilikuwa kichekesho. Kiembu changu na Kimeru chao vinasikilizana nusu nusu, basi nikashika Kiswahili, nao wakasema naongea kama redio. Mwenyekiti wa kamati, mzee mrefu wa kofia ya kijivu ambayo sikuwahi kumwona akiivua, alinikalisha ofisini siku ya kwanza.

"Madam," akaniambia, "hapa tuko na sheria mpya. Kila msimamizi lazima awe amesoma mpaka fomu foo. Sasa yule mama wa meza hata nasari hajaenda. Sisi tunaogopa kumwambia, maana ametuoshea na kutuanikia kahawa tangu wengine wetu tukiwa vijana. Wewe umesoma. Mwangalie msimu huu. Ukiona hafai, mpe barua." Akanitazama chini ya ile kofia. "Na wewe pia tunakuangalia. Uko kwa majaribio."

Basi nikamwangalia. Alikuwa mwanamke mfupi anayeelekea uzeeni, kitambaa kichwani, gunia amelifunga kiunoni juu ya rinda, miguuni gambuti za kiume. Watu wa meza walikuwa kama ishirini, wengi wao wanawake, na siku nzima ya kwanza sikumsikia akimwambia hata mmoja wao fanya hivi. Siku nzima! Yeye alisimama mezani kama wao, anachambua punje mbovu, anageuzageuza kahawa kwa viganja, anacheka. Kisha ghafla anaacha. Ananyanyua uso kidogo, anaweka kikapu chini, anatembea mpaka meza ya chini kabisa, ile ya karibu na mto ambayo hakuna mtu anayeipenda kwa sababu ya matope, anaanza kuvuta nailoni. Haangalii nyuma. Na wale wengine, mmoja baada ya mwingine, wanaacha walichokuwa wakifanya na kufunika.

Mimi nikaandika kwenye daftari langu: "Hatoi maagizo. Hana ratiba. Hana rejista." Nikapiga mstari chini ya rejista.

Siku ya pili nikamwita kando, nikamwuliza, "Mama, kazi yako hapa hasa ni gani?"

"Ni kuangalia kahawa, madam."

"Na watu je? Nani anawaangalia watu?"

Akafikiria. Aliniheshimu vya kutosha kufikiria. "Watu pia wanaangalia kahawa," akasema.

Nikaona huyu ananichezea. Nikatabasamu lile tabasamu la ofisini, nikarudi ndani, na jioni hiyo nikaanza kupanga maneno ya barua. Jambo jingine lililonikera ni uji. Saa nne kulikuwa na mapumziko, na mama huyo ndiye aliyegawa ucuru, ule uji wao mchachu wa nafaka. Alianza na meza ya chini akapanda juu, na yeye akanywa mwisho, kilichobaki, mara nyingine makapi tu ya sufuriani. Chuoni tulifundishwa kwamba kiongozi asikae na wafanyakazi mpaka wakamzoea. Nikaandika na hilo pia. Yaani nilikuwa naandika ushahidi wote wa sifa zake na kuuita makosa.

Wiki ya tatu nikaleta utaratibu. Nilitundika rimu ya lori kwenye mti wa mgrevilea ulio mlangoni pa ofisi, na kipande cha nondo cha kuigongea. Nikabandika ratiba ukutani: saa tano na nusu funika, saa nane na nusu funua, na mvua ikitishia nitagonga mara nyingi mfululizo. Nikawakusanya wote nikatangaza, "Kuanzia leo, hakuna mtu kugusa nailoni bila kengele. Ni mimi peke yangu nitakayegonga." Wakamtazama yule mama. Yeye akanitazama mimi, akaitika kwa kichwa.

"Ni nzuri," akasema. "Hata wale wa mtoni watasikia."

Hakuwa anasuta. Hilo ndilo lililonichukua miaka kulielewa: mama yule aliipa kengele yangu nafasi yake kwa moyo safi. Siku za kwanza nikigonga, mikono arobaini inavuta nailoni kwa pamoja, na mimi nimesimama mlangoni, kichwa kimenivimba mpaka nashangaa kilivyopita mlangoni jioni. Nilijiona nimefika.

Sikuona kilichokuwa kikipotea. Watu wa meza waliacha kutazama angani. Zamani kila mmoja wao alikuwa na jicho moja kwenye kahawa na jingine upande wa msitu, kule mawingu yanakoshukia. Sasa macho yote yalikuwa kwenye mlango wangu. Siku moja nilikuwa na mgeni ofisini, nikapitiwa, saa tano na nusu ikapita. Nilipotoka saa sita na ushee, jua linachoma, nikawakuta wamesimama kila mtu kwenye meza yake, mikono juu ya nailoni, wananisubiri. Ganda la kahawa meza tatu nzima lilikuwa limepasuka. Nikapandwa na mori. Niliwafokea mpaka sauti ikakauka.

"Tulikuwa tunangoja kengele, madam," akasema bwana wa matangi, mwanamume mwembamba mwenye ulimi, ambaye kazi yake ilikuwa kuosha kahawa. Akasema kwa adabu kabisa, na hiyo adabu ndiyo iliyonimaliza.

Haya, kuna na ya mlevi. Mlevi mmoja aliyekuwa akipita njia yake saa nne asubuhi aliona ile nondo, akaigonga rimu kwa utani wake, kwa nguvu zake zote. Jua lilikuwa limetulia, zuri kabisa la kuanikia. Na watu wangu wakafunika kahawa yote! Wote! Walijua fika kwamba hakuna mvua, walijua kwamba saa haijafika, lakini kengele imelia. Nilipowauliza, wakasema si sheria ni kengele? Yule mama naye alikuwa amefunika yake. Nikamwuliza kwa hasira, "Hata wewe?" Akajibu, "Nikiacha yangu wazi, madam, itakuwa nimewaambia hawa wasikusikilize."

Mtu mwenye akili angesimama hapo ajiulize. Mimi nikachukua ile nondo nikaifungia kwenye kabati la ofisi, na ufunguo nikautia kwenye mkoba wangu, ili walevi wasiniharibie utaratibu.

Kisha ikaja semina. Ilikuwa ya siku moja, Embu mjini, ya mameneja wa vyama vya ushirika, na somo lenyewe, heh, lilikuwa uongozi. Niliondoka alfajiri nimevaa sketi yangu ya siku kuu. Mezani kulikuwa kumejaa. Yalikuwa mavuno makubwa kabisa ya msimu, hakuna hata meza moja tupu, na kamati ilikuwa imeniambia wazi kwamba kahawa hiyo ndiyo itakayoamua kama nitathibitishwa kazini.

Mwalimu wa semina alichora pembetatu ubaoni. Juu kwenye ncha akaandika meneja, chini akaandika wafanyakazi, kisha akachora mishale inayoshuka. Nikainakili vizuri kwa rula. Wakati wa chai ya saa saba tukatoka nje na mandazi yetu, nikafungua mkoba nitafute kitambaa cha kujifutia mikono. Vidole vikagusa ufunguo.

Nikainua macho upande wa mlima, kilipo kiwanda chetu. Hakukuwa na mlima. Kulikuwa na weusi mtupu kutoka juu mpaka chini.

Nondo imefungiwa kabatini. Rimu inaning'inia bila cha kuigongea. Na watu ishirini ambao nimewafundisha, kwa kelele na kwa ratiba ukutani, kwamba mkono usiguse nailoni bila kengele. Haki ya Mungu, niliacha mandazi juu ya ukuta nikapanda gari bila kuaga. Mvua ilitukuta Chuka na haikutuacha tena. Njia nzima nilikuwa naomba, lakini hata maombi yangu yalikuwa ya ubinafsi: nilikuwa namwomba Mungu anilindie kazi yangu. Sikumkumbuka mkulima hata mmoja.

Gari liliniacha njia panda. Nikavua viatu nikapanda kilima kwa miguu mitupu, matope hadi magotini, ile sketi ya siku kuu imenigandia mapajani. Ilikuwa kama saa kumi na moja, mvua imepungua ikawa manyunyu. Nilipofika penye kona ambapo kiwanda kinaonekana, nilifumba macho kwanza. Kisha nikafumbua.

Meza zote zilikuwa zimefunikwa. Zote, kutoka ya juu mpaka ile ya mtoni. Nailoni imevutwa, imefungwa kwa kamba, mawe yamewekwa kwenye pembe, na katikati ya safu wamechimba vijitaro maji yapite. Chini ya banda watu walikuwa wamejikunyata na vikombe vya ucuru, wanacheka. Chini kule, karibu na mto, mama wa meza alikuwa peke yake mvuani, anakaza kamba ya meza ya mwisho.

Nikakaa kwenye ngazi ya ofisi nikalia. Sioni aibu kusema.

Bwana wa matangi akaniletea kikombe. "Wacha kulia, madam, kahawa ni kavu."

"Nani aliwaambia mfunike?"

"Si ni wewe."

Nilidhani ananidhihaki, nikamwangalia vibaya. Akachuchumaa karibu yangu, akanieleza. Wingu lilishuka kutoka msituni mara moja, saa saba hivi. Watu wote wakasimama wakaitazama rimu. Wengine wakasema twende tuvunje mlango tutoe ile nondo, wengine wakasema tufunike tu, huyo msichana wa Embu atajua yeye, na mwanamke mmoja akasema kwa sauti, wacheni kahawa inyeshewe ndiyo huyo meneja afukuzwe. Hapo wakacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kibaya. Ndipo yule mama akasema, "Madam aliniambia asubuhi kabla ya kuondoka. Alisema mvua ikija tusingoje kengele." Akaweka kikapu chini, akaenda zake meza ya mtoni.

"Na mkamfuata," nikasema.

"Tukamfuata." Akakwangua matope kwenye kidole chake cha mguu. "Sasa, madam, mimi nilikuwa hapa langoni asubuhi nikifungua maji. Nilikuona ukiondoka. Hukuongea na mtu."

Kesho yake kulikuwa na mkutano wa kamati, na wakulima wakaja wengi kwa sababu ya ile mvua. Viwanda viwili jirani vilikuwa vimenyeshewa. Mwenyekiti alisimama mbele ya watu na kofia yake, akanishika bega. "Huyu msichana wetu wa Embu," akasema, "hata akiwa mbali anaona mvua. Jana nilikuja hapa mbio na mwavuli, nikakuta kila kitu kimefunikwa. Nikamwuliza mama wa meza, akaniambia meneja aliacha maagizo. Hiyo ndiyo elimu!" Wakanipigia makofi. Wengine wakapiga vigelegele. Nilisimama pale nimepakwa mafuta kwa mgongo wa mtu mwingine, na yeye namwona kwa mbali, amenipa mgongo, anafunua kahawa ipate jua la asubuhi.

Tulipoingia ofisini na kamati, mwenyekiti akafunga mlango. "Sasa ile habari ya yule mama. Umeamua?"

Nilikuwa na majibu mawili. La kwanza lilikuwa tayari, lina mistari minne, lakosa tarehe tu. Nikafungua droo, nikaitoa barua, nikaiweka mezani mbele yao. Halafu nikawaambia yote. Nilisema kuhusu nondo na kabati na ufunguo, kuhusu kahawa ya meza tatu iliyopasuka, ambayo niliwaambia kwamba ni uzembe wa wafanyakazi, kuhusu mlevi. Nikasema sikuacha agizo lolote. Nikasema mama huyu asiye na cheti aliokoa kahawa, na alipomaliza akaniokoa mimi.

Mjumbe mmoja akakohoa akasema sheria ni sheria, fomu foo ni fomu foo. Mwenyekiti akaichukua barua, akaisoma polepole kwa midomo, akaniuliza, "Sasa katika nyinyi wawili, ni nani ameshindwa kusimamia wafanyakazi?"

"Ni mimi, mzee."

"Basi jina kwenye hii barua si lenyewe." Akanirudishia. "Yule mama anabaki. Hiyo fomu foo tutaiongelea na watu wa juu, na kama hawataki kusikia, waje waanike wenyewe. Wewe hatukufukuzi. Lakini hatukuthibitishi pia. Msimu ujao wote, asubuhi utakuwa mezani, chini yake. Karatasi zako utafanya jioni."

Nilitoka nje na barua mkononi. Nilikuwa nimeambiwa, mimi mwenye cheti, kwamba nitafunzwa kazi na mtu asiyejua kuandika jina lake, na nilichohisi kilikuwa ahueni. Nikateremka mpaka meza ya mtoni. Alikuwa anageuza kahawa kwa viganja, ile sauti yake kavu ya taratibu.

"Mama," nikasema, "hii ni barua yako. Niliiandika wiki ya pili. Ya kukufuta kazi."

"Najua."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna." Akatoa punje moja nyeusi, akaitupa. "Tangu wiki hiyo hujawahi kuniangalia kwa macho. Nikajua kuna kitu umeficha. Inasema nini?"

Nikamsomea. Mistari yote minne, kwa sauti, nimesimama kwenye matope. Nilipofika penye "ameshindwa kuwasimamia wafanyakazi" nikatamani kuruka mstari, lakini nikamaliza. Alisikiliza bila kuacha kugeuza kahawa.

"Hapo hukudanganya," akasema. "Kusimamia watu sijui. Hawa ni watu wazima."

"Mama, ulijua barua ipo. Ungewaachia tu wafanye walivyotaka, leo ningekuwa njiani narudi kwetu. Kwa nini ulidanganya kwa ajili yangu? Hukunikasirikia?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama nimemwuliza swali la kitoto.

"Madam, mvua ilikuwa inakuja," akasema. "Ningekukasirikia saa ngapi?"

Baadaye niliongoza mahali pengi, pakubwa kuliko pale, na nikakaa kwenye semina nyingi zenye pembetatu. Nilijaribu kufanya kazi kama yeye, na mara nyingi nilishindwa, maana mimi nina hasira na napenda kusikika. Sijawahi kupata mkubwa mwingine niliyemheshimu hivyo.

Asubuhi ile nilitaka kumwambia asante, nikawa naitafuta ya Kimeru isije ikatoka ya Kiembu akanicheka. Hakunipa nafasi. Alinyanyua uso kidogo, akaweka kikapu chini, akaanza kuvuta nailoni. Mimi sikuona wingu lolote. Rimu ilikuwa imenyamaza juu ya mti wake. Nikaitia barua mfukoni, nikashika upande wa pili.